Inkubeta ya plastiki ya mayai 56: joto lake naliamini, skrini yake siiamini

Ukiniuliza kama uinunue inkubeta hii, mashine ya kuangulia mayai, nitakwambia inunue, lakini bakisha pesa kidogo mfukoni kwa sababu ya vitu viwili inavyokuja navyo: kipimo cha joto na taa ya kumulikia mayai. Hivyo viwili haviaminiki. Mengine yote yamenifaa kuliko nilivyotarajia.

Nazungumzia ile mashine ya Uchina yenye sehemu ya chini ya njano na kifuniko kinachoonyesha ndani. Imejaa madukani Luthuli Avenue, Nairobi, na bei inategemea ulimi wako. Mimi nililipa shilingi 11,500. Naishi Umoja, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, matetea wachache na jogoo mmoja, na kazi yangu ni uuguzi. Nikiwa zamu ya usiku hakuna wa kuamka kugeuza mayai, na yai lisipogeuzwa angalau mara tatu kwa siku kiinitete hujishika kwenye utando wa ndani na kufa. Mashine hii inayasukuma mayai yenyewe kila baada ya saa mbili, polepole, bila kuyagonganisha. Kwa hilo peke yake sijutii pesa yangu.

Sasa joto. Mashine yenye feni inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5 hivi. Ya kwangu iliandika 37.5 kwenye skrini, lakini mimi mtu wa wodi siamini namba ambayo sijaipima. Nilichukua kipimajoto cha homa, kile cha zebaki kinachosoma kuanzia nyuzi 35 hadi 42, nikakilaza katikati ya mayai nikafunga. Uzuri wake ni kwamba hakishuki hadi ukikung'ute, kwa hiyo kinakuonyesha joto la juu kabisa lililofikiwa humo ndani. Kilisoma 38.2. Utasema ni tofauti ndogo, lakini joto likizidi kiasi hicho kwa wiki tatu vifaranga hutoka mapema, wakiwa wadogo, na kitovu hakijafunga vizuri. Kitovu kilicho wazi ni mlango wa vijidudu. Kifaranga anavimba tumbo na kufa ndani ya siku chache, na mwenye kuku analaumu chakula. Kidhibiti kina mahali pa kusahihisha tofauti hiyo, na ukishasahihisha, joto linatulia vizuri sana. Ndiyo maana nasema naliamini joto lenyewe ila siiamini skrini.

Kipimo cha unyevu nacho kihakiki. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo hadi iwe uji mzito, ifungie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na kipimo kidogo cha unyevu cha kununua. Baada ya saa kadhaa kinatakiwa kisome asilimia 75. Ukishajua kipimo chako kinakosea kwa kiasi gani, unakitumia kuisomea mashine. Siku 18 za kwanza unataka kama asilimia 50, tatu za mwisho kama 65 hadi 70. Hapa mashine ina jambo zuri mno: maji yanamiminwa kwa nje, kupitia tundu la pembeni, bila kufungua kifuniko. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na yai hupoteza maji haraka. Mashine ya kufunguliwa kila mara ungeipigania unyevu hadi uchoke.

Stima ikipotea, na Umoja inapotea, kuna waya mbili nyuma, nyekundu na nyeusi, za kuunganisha betri ya volti 12. Betri ya gari iliyojaa inavusha usiku. Kama huna betri, funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi, na usifungue kuchungulia. Mayai yanavumilia kupoa kuliko kupashwa kupita kiasi, na yaliyovuka wiki ya pili yanatoa joto lake yenyewe. Ila ukweli usemwe: ukuta wa plastiki hii ni mwembamba. Mwezi wa Julai, baridi ya usiku inapoingia, inapoa haraka kuliko sanduku la mbao ambalo mafundi wa Kamukunji wanakutengenezea. Iweke chumba cha ndani, mbali na dirisha.

Taa ya kumulikia ndiyo iliyonisikitisha. Imewekwa juu ya kifuniko, tundu dogo lenye mwanga hafifu. Kwa yai jeupe inatosha. Kwa yai la kienyeji lenye ganda la kahawia huoni kitu, unaona wekundu mtupu, na mtu mgeni anaweza kutupa yai zima akidhani ni viza. Nunua tochi ndogo yenye mwanga mkali, kata kipande cha katoni, toboa tundu dogo kuliko yai, zima taa za chumba, kisha weka upande mnene wa yai juu ya tundu. Siku ya 7 utaona mishipa myembamba inayotawanyika, kama ile ninayoitafuta kwenye mkono wa mtoto kabla ya kumwekea dripu, na katikati doa jeusi linalotikisika. Hilo yai lirudishe upesi. Likiwa angavu kote, halikupata jogoo, litoe. Likiwa na duara jekundu bila mishipa, kilichokuwemo kilikufa mapema. Litoe pia, kwa sababu yai bovu kwenye joto hilo hujaa gesi, na likipasuka linachafua mengine yote.

Napenda sana kumulika siku ya 14. Giza limejaa karibu yai zima, nafasi ya hewa imepanuka upande mnene, na ukituliza mkono unaona kitu kinajisukuma. Binti yangu wa darasa la nne hushika tochi mimi nikishika yai, na hakuna somo la sayansi la shuleni lililomfundisha hivyo. Siku ya 18 tunamulika mara ya mwisho, tunatoa wavu wa kugeuzia, tunaongeza maji, kisha kifuniko kinafungwa hadi waanguliwe.

Kile kifuniko cha kuonyesha ndani kinasaidia hapo. Kifaranga hutoboa kwanza nafasi ya hewa ndani ya yai na kuanza kupumua kwa mapafu, halafu anatoboa ganda, halafu anapumzika, wakati mwingine hadi siku nzima. Unatamani kumsaidia. Usifungue. Unyevu ukitoroka, utando unakauka na kumbana aliye njiani. Waliokwisha kutoka hawana njaa, kiini walichokifyonza kinawatosha siku mbili hadi tatu, na wewe unawaona wote bila kugusa kitu, mvuke ukikuruhusu.

Matundu ya wavu ni ya yai la kuku tu. La bata halikai vizuri. Maelezo ya matumizi ni karatasi moja isiyosomeka. Feni ilianza kukwaruza kabla mwaka haujaisha, na duka nililonunulia lilinijibu kwamba dhamana haigusi feni. Fundi wa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo akaitazama akaniambia, "Mama, hii ni feni ya kompyuta tu, usiwe na wasiwasi," akaibadilisha nikiwa nimesimama, kwa shilingi 400. Hilo nalo ni la kuzingatia unaponunua: kila kinachoharibika ndani ya mashine hii kinapatikana mjini.

Mwenye kuku wa nyumbani na jogoo mmoja, hii inakutosha. Anayetaka kuuza vifaranga kila wiki atafute sanduku kubwa la Kamukunji lenye kuta nene. Na kabla hujalipa, mwambie mwenye duka aichomeke kwenye stima, subiri joto lipande, sikiliza feni, na ubonyeze kitufe cha kugeuza uone wavu ukisogea.