Mwangwi kwenye simu za intaneti: ununue nini, na anunue nani

Ukisikia sauti yako ikikurudia, usikimbilie dukani. Mara nyingi kasoro iko kwa mwenzako: spika yake inatoa sauti yako, maiki yake inaidaka na kukurudishia. Mwombe azime kabisa sauti ya spika wakati unaongea. Mwangwi ukikatika, basi wa kununua kifaa ni yeye.

Namba moja kwangu ni earphone za waya zenye maiki. Sauti inaishia sikioni, maiki inabaki na sauti ya msemaji tu. Tazama pini: yenye maiki huwa na pete tatu zinazoigawa sehemu nne, ya pete mbili kwa kawaida ni ya kusikilizia tu. Ila zile dhaifu sana zina ugonjwa wake. Spika na maiki hutumia waya mmoja wa kurudishia umeme, na ukiwa mwembamba, sauti huvuja humohumo ndani na mwangwi unabaki palepale. Kwa hiyo zijaribu kabla ya kulipa: piga simu, ongeza sauti, muulize wa upande wa pili kama anasikia sauti yake ikimrudia.

Hedseti ya USB naiweka ya pili kwa sababu moja tu, simu nyingi haziipokei bila adapta. Anayeshinda kwenye kompyuta aanze na hii.

Za Bluetooth ni za tatu. Mwangwi zinautibu vizuri, lakini zinachelewesha sauti. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linapendekeza sauti isizidi milisekunde 150 kufika upande wa pili. Bluetooth inakula sehemu ya muda huo, na watu wanaanza kukatizana maneno.

Spika ya mikutano inunuliwe pale tu watu kadhaa wanapozunguka meza moja. Tumia maiki yake yenyewe, maana kifuta mwangwi chake kimepangwa kwa spika na maiki hizo.

Ruta mpya iwe ya mwisho kabisa. Husaidia sauti inayokatikakatika. Mwangwi hauanzii huko. Na kama unatumia simu ya mezani iliyounganishwa kwa adapta ya intaneti, mwangwi unaweza kuzaliwa kwenye adapta, pale inapokutana na waya wa simu. Punguza kiwango cha sauti kwenye mipangilio yake, kisha jaribu simu nyingine ya mezani, ndipo ufikirie kununua adapta mpya.