Wakala wa Safari Kariakoo: Siku Tano za Cairo

Mwezi uliopita niliikabidhi ofisi ndogo ya uwakala wa safari, jirani na Soko la Kariakoo, kazi ya kutupangia mimi na mama yangu safari ya siku tano mjini Cairo, na kwa sehemu kubwa ninaisifu. Viza na tiketi zilikamilika mapema.

Kilichonifurahisha zaidi ni ratiba. Mpangaji alitutengea asubuhi nzima ya piramidi za Giza, kabla jua halijawa kali, kisha akaiweka peke yake siku ya mji wa kale ambao Wafatimi, nasaba ya makhalifa wa Kishia, waliuasisi mwaka 969. Hivyo tuliufikia Msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879 na ambao kwa hiyo umeutangulia mji huo, tukiwa na nguvu za kuutazama kwa utulivu. Mama, aliyekulia Ilala akisikia habari za masheikh waliosomea Al-Azhar, alikaa uani mwa msikiti huo muda mrefu bila kusema neno, na kwangu saa ile pekee ililipia safari.

Kasoro ilikuwa Saqqara, eneo la makaburi ya kale kusini mwa Giza. Piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser, ambayo ni kongwe kuliko zile za Giza, iliwekwa alasiri ya siku ileile ya Giza, na kwa foleni za magari tulifika tumechoka, milango ikikaribia kufungwa. Nililalamika, wakanisikiliza kwa heshima. Atakayewatumia aombe Saqqara ipewe asubuhi yake.