Kipimamvua cha vijiko: uzoefu wangu na kwa nini bado naweka silinda pembeni

Kipimamvua ninachotumia kina vijiko viwili vinavyopokezana chini ya faneli yenye kipenyo cha milimita 200. Kijiko kikipata maji yanayolingana na mvua ya milimita 0.2, kinapinduka na kujimwaga, na mwenzake anashika zamu. Kila kinapopinduka, sumaku inapita mbele ya swichi na hesabu inaongezeka. Ukitaka kujua mvua imeanza saa ngapi na imenyesha kwa nguvu gani, kifaa hiki ni kizuri sana.

Kwa jumla ya siku sikitegemei peke yake. Mvua ikiwa kubwa, maji yanaendelea kuingia kwenye kijiko kilichokwisha kujaa wakati kinapinduka, na maji hayo hayahesabiwi. Manyunyu nayo huacha maji kidogo kijikoni, yakakauka kabla ya kutimia 0.2. Ndiyo maana pembeni yake nina kipimamvua cha kawaida: faneli, na ndani silinda ambayo eneo la mdomo wake ni sehemu ya kumi ya eneo la faneli, hivyo milimita 1 ya mvua inasimama kwa sentimita 1. Soma kila siku saa ileile, jicho likiwa usawa wa maji, na chukua sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa maji.

Kuhakiki kipimamvua cha vijiko ni rahisi. Mdomo wa milimita 200 una eneo la sentimita za mraba 314, kwa hiyo mililita 314 za maji ni mvua ya milimita 10, yaani vijiko vipinduke mara 50. Yatie kwenye chupa, itoboe kwa sindano na uache maji yadondoke kwenye faneli kwa nusu saa au zaidi. Ukimimina kwa pupa utapata hesabu pungufu hata kama kifaa ni kizima. Hesabu ikipungua, pandisha skrubu zilizo chini ya vijiko, zote mbili kwa kiasi kilekile, ikizidi, zishushe.

Tatizo kubwa ni kuziba: majani, kinyesi cha ndege, utando wa buibui. Dalili yake naijua vizuri: mvua imekatika, lakini vijiko vinaendelea kupinduka taratibu kwa saa kadhaa. Nguzo ikitikiswa na upepo, utasoma mvua ambayo haikunyesha. Kitako kisipokuwa sawa kwa pimamaji, kijiko kimoja kitadai maji mengi kuliko kingine. Mti au ukuta uwe mbali na kifaa angalau mara mbili ya kimo chake. Mara nne ni bora zaidi.

Ukinunua, hakikisha faneli inafunguka bila kung'oa kifaa chote kwenye nguzo, la sivyo kila ukisafisha itabidi ukisawazishe upya.