Lebo za sanduku: nimetumia tatu, moja nimebaki nayo

Naanza na kosa langu, maana lebo yenyewe haikuwa na kosa.

Mwaka juzi nilishuka kutoka ndege ya pili ya safari ndefu, nikasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka tukabaki watu wanne na sanduku moja jeusi linazunguka peke yake. Lina magurudumu manne kama langu, lina mkwaruzo ubavuni kama langu. Nikalivuta kwa furaha, kisha nikaona zipu zake ni za rangi ya kijivu. Si langu. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka na la kwangu.

Sanduku langu lilikuwa na lebo ya ngozi, nzuri kwelikweli, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa mwandiko wa kujionyesha. Yule bwana alipofika alikofikia akagundua, akafunua lebo, akapiga. Akaambiwa namba hiyo haipo. Nilikuwa nimeiandika kwa kuanza na sifuri, kama ninavyompa mtu tunayekaa naye nchi moja. Akakisia nchi kwa zile herufi tatu za uwanja wa ndege zilizokuwa kwenye kibandiko, akaongeza msimbo wa nchi, akapiga tena. Safari hii simu haipatikani. Ingepatikanaje? Nilipotua tu, hata kabla ya kufika kwenye mkanda, nilitoa laini ya nyumbani na kuweka laini mpya ya huko. Namba iliyoandikwa kwenye lebo ilikuwa imelala kwenye pochi yangu, imeviringishwa ndani ya risiti.

Kesho yake alilirudisha sanduku uwanjani. Nilipata simu kutoka kaunta ya mizigo kwa sababu nilijaza ripoti kabla ya kutoka ukumbini, na humo niliandika namba mpya. (Jaza ripoti ukiwa bado ndani, hata kama umechoka. Unapewa namba ya kumbukumbu yenye herufi tano na tarakimu tano, na ndiyo utakayoulizwa kila ukipiga.) Kwenye mshikio alikuwa amebandika kikaratasi: nimekupigia mara sita.

Tangu siku hiyo nimebadili mawazo kuhusu kazi ya lebo. Zamani niliamini ni ya shirika la ndege. Siyo. Shirika lina kile kibandiko kirefu wanachofunga kaunta, chenye mistari inayosomwa na mashine na namba ya tarakimu kumi; tatu kati ya hizo zinataja shirika lenyewe. Tangu Juni 2018 mashirika yaliyo chini ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, yanatakiwa kujua mzigo uko wapi katika hatua nne: unapopokelewa, unapopakiwa, unapohamishwa kwenda ndege nyingine na unaporudishwa kwa mwenyewe. Mambo yakienda sawa hakuna anayehitaji kujua unaitwa nani. Jina lako linahitajika kibandiko kinapochanika, au abiria mwenzako anapobeba kisicho chake. Kwa hiyo lebo naiandikia mtu aliyekaa kitandani ugenini, ameshika simu, ana haraka ya kupata nguo zake.

Sasa hizo lebo tatu.

Ya kwanza ilikuja na sanduku: plastiki nyembamba yenye kikaratasi ndani. Safari ya pili ilirudi kitanzi kitupu, lebo imebaki huko ilikobaki. Na hata ingebaki, nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya kawaida, unyevu ungeshafanya kazi yake. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ya pili ndiyo ile ya ngozi. Ninachoipendea ni kile kifuniko kinachoficha maandishi; anayepita kwenye foleni haoni kitu, anayetaka kusoma lazima afunue kwa makusudi. Mkanda wake ndio tatizo. Unafungwa kwa bizimu kama saa ya mkononi, tundu likitanuka bizimu inateleza. Halafu ni mrefu, unaning'inia, na kinachoning'inia ndicho kinachonaswa kwenye mitambo ya mizigo. Niliishi nayo mwaka mmoja kwa kuupitisha mkanda mara mbili kwenye mshikio wa juu ili ukae mfupi. Ilisaidia. Sasa iko kwenye begi la mkononi, huko haisumbuliwi na mtu.

Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: silikoni nene yenye mfuko wa kadi, inafungwa kwa waya wa chuma wenye skrubu. Kadi inazama ndani, kwa nje unaona jina la ukoo tu. Imepanda ndege mara kumi na nne na haijachanika, ingawa rangi imepauka na upande mmoja una alama kama ya meno. Ubaya upo. Skrubu hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko, kwa hiyo kabla ya kila safari naikaza kwa vidole. Ukisahau, waya utafunguka wenyewe. Ncha ya waya ni kali, imenichoma mara mbili. Na kutoa kadi ni vita: silikoni inaing'ang'ania, mwisho natumia kibano cha nyusi.

Kutoa kadi si jambo dogo kwangu, kwa sababu sasa naibadilisha kila safari. Naandika jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina langu, namba ya simu nitakayokuwa nayo niendako ikiwa naijua, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, kisha namba ya dada yangu ambaye hasafiri na simu yake haizimwi, kisha baruapepe. Baruapepe ndiyo naitegemea kuliko vyote, haijali laini gani iko ndani ya simu. Natumia kalamu ya wino usiofutika na herufi kubwa, mwandiko wa kujionyesha nimeuacha. Anwani ya nyumbani siandiki. Sioni sababu ya kuwatangazia watu wote kwenye foleni kwamba nyumba fulani haina mtu wiki mbili.

Karatasi ya pili yenye maelezo hayohayo naiweka ndani ya sanduku, juu kabisa ya nguo, pamoja na tarehe na mahali nitakapolala. Zamani niliificha kwenye mfuko wa zipu, nikajiona mwerevu. Anayefungua sanduku lisilo na lebo hapekui mifuko kwanza, anaona kilicho juu. Mzigo usio na jina hutafutwa kwa kulinganisha rangi, aina ya sanduku na vilivyomo, na masanduku meusi duniani hayana idadi. Langu sasa lina utepe wa rangi ya chungwa kwenye mshikio, unachukiza macho, na hakuna aliyelibeba kwa makosa tena.

Jambo moja ambalo nililipuuza miaka mingi: vile vibandiko vidogo wanavyobandika ubavuni mwa sanduku, vyenye namba ileile ya kibandiko kikubwa. Vibandue ukifika. Nilikuwa naviacha kama medali za safari, mpaka mhudumu mmoja akaanza kuving'oa yeye mwenyewe kaunta, huku akinieleza kwamba mashine inaweza kusoma namba ya safari ya mwezi uliopita.

Nina pia AirTag, kile kidude cha Apple kinachoonyesha kwenye simu mahali kitu kilipo, imejificha ndani ya soksi. Inanituliza moyo: nikiketi kwenye ndege naona kama sanduku nalo liko uwanjani. Na tangu mwishoni mwa 2024 Apple imewezesha kutuma kiungo cha mahali ilipo kwa baadhi ya mashirika ya ndege. Lakini inaniambia mimi sanduku liko wapi. Yule aliyelishika hajui hata kama kuna kitu ndani ya soksi. Kwake yeye kilichopo ni ile kadi.

Silikoni naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku watakapotengeneza kadi pana, baruapepe yangu iingie yote bila kumlazimisha msomaji avae miwani.