Fellini Museum, Rimini: anzia Fulgor, ngome baadaye

Nyota tano. Mpenzi wa sinema aliyeko Italia apande treni pale Bologna. Baada ya saa moja hivi atashuka Rimini, mji alikozaliwa mwongozaji filamu Federico Fellini tarehe 20 Januari 1920.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 2021 na yana sehemu tatu: ngome ya Castel Sismondo ya karne ya 15, jengo la Fulgor lenye ukumbi wa sinema wa zamani, na uwanja wa Piazza Malatesta katikati. Watu wengi hukimbilia ngome. Mimi nasema anza na Fulgor, maana kule ngomeni utamkuta Fellini aliyekwisha kuwa Fellini, pamoja na sanamu kubwa ajabu ya Anita Ekberg, mwigizaji wa filamu yake *La dolce vita*, aliyejilaza. Inapendeza, lakini Fellini mtoto, mwana wa Urbano mfanyabiashara wa vyakula, yuko Fulgor.

Humu ndimo, kwa masimulizi yake mwenyewe, alimotazama filamu ya kwanza aliyoikumbuka, amepakatwa na baba yake. Alipokuwa kijana alimchorea mwenye ukumbi vikaragosi vya waigizaji, vikatumika kama matangazo, naye akawa anaingia bure. Mwaka 1937 akafungua na mchoraji Demos Bonini kiduka cha kuchora watu. Kwangu hiki ndicho kiini cha safari nzima: penseli ndiyo iliyomlea. Alihamia Roma mwaka 1939, akajiandikisha kusomea sheria, lakini akili yake ilikuwa kwenye gazeti la vichekesho la Marc'Aurelio. Roma ilipokombolewa mwaka 1944, alikuwa akiwachora askari wa Marekani katika duka la vikaragosi mjini humo, na dukani humo humo mwongozaji Roberto Rossellini akamfuata kumwomba ashiriki kuandika filamu ya *Roma città aperta*. Ukishayajua hayo, michoro ya ndoto zake iliyoko ngomeni inakugusa kwa namna nyingine kabisa. Mimi niliganda mbele yake.

Usipoteze muda kutafuta mitaa ya *Amarcord* ya Fellini. Filamu hiyo ya mwaka 1973 inahusu utoto wa Rimini, lakini mji wake ulijengwa studio, Cinecittà, Roma. Itazame kabla hujaja, utafaidi zaidi.

Tenga nusu siku, na kama unaweza, baki hadi jioni. Fulgor bado ni ukumbi wa sinema. Ulifunguliwa upya mwaka 2018 kwa mapambo ya Dante Ferretti, mbunifu wa mandhari za filamu, na kuketi humo filamu ikianza ni raha ya pekee. Ila uliza kwanza lugha, kwa sababu filamu nyingi za kigeni Italia huingizwa sauti za Kiitaliano.