Vikate vya mchele vya Hangzhou: uzoefu wangu wa dingshenggao na qingtuan

Nimepika vitumbua na mkate wa kumimina kwa kuuza kwa zaidi ya miaka 20 hapa Unguja, kwa hiyo nilipokwenda China mwishoni mwa Machi kununua vyombo na mifuko ya kufungashia katika soko la jumla la Yiwu, nilidhani hakuna mtu wa kunifundisha jambo lolote kuhusu mchele. Mpwa wangu anasoma Hangzhou, mji ulio chini ya saa moja kutoka Yiwu kwa treni ya kasi, naye alinisihi nikapumzike kwake siku 4 kabla ya kurudi nyumbani. Katika siku hizo nilikula vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke asubuhi na jioni, vingine vitamu na vingine vya chumvi, na tathmini ninayoitoa hapa ni ya mtu aliyelipa kwa fedha yake. Naandika hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wenzangu, ambao hukaa Yiwu wiki nzima wakila wali na kuku katika migahawa ya halali, kisha hupanda ndege bila kuonja kitu kingine.

Kikate cha kwanza nilichokionja kinaitwa dingshenggao. Mpwa wangu alinipeleka Mtaa wa Hefang, mtaa wa zamani wa maduka ulio karibu na kilima cha Wushan, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Msikiti wa Fenghuang tulikokuwa tumesali adhuhuri. Mtaa huo umejaa watalii na, kwa maoni yangu, nusu ya vinavyouzwa hapo havina maana. Dingshenggao, hata hivyo, ina maana. Ni kikate cha rangi ya waridi kinachotosha kiganjani, kipana juu na chini na chembamba kiunoni, umbo ambalo Wachina hulifananisha na kipande cha fedha cha zamani, na ndani yake hutiwa rojo la maharage madogo mekundu lililotiwa sukari. Jina lake lina maana ya ushindi wa hakika. Husimuliwa kwamba zamani za utawala wa Song ya Kusini, ambao mji wake mkuu ulikuwa Hangzhou hii hii, watu waliwapa vikate hivi askari waliokuwa wakielekea vitani. Siku hizi hupewa wanafunzi wanaokwenda kufanya mitihani na watu wanaohamia nyumba mpya, kwa kuwa neno gao, yaani kikate, hutamkwa sawa na neno lingine lenye maana ya juu.

Nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja muuzaji kwa karibu nusu saa, naye hakunifukuza. Nilitarajia kuona uji wa mchele, kama wetu sisi tunaoroweka mchele usiku kucha, tukausaga pamoja na tui na kuuacha uumuke. Kumbe unga wake ulikuwa karibu mkavu. Alichanganya unga wa mchele wa kawaida na unga wa mchele wa kunata, akaunyunyizia maji ya sukari kidogo kidogo huku akiufikicha kwa vidole, kisha akauchunga mpaka ukawa unaanguka mwepesi kama jivu. Rangi, kwa maelezo yake, hutokana na mchele uliochachushwa kwa kuvu nyekundu. Kipimo chake cha maji hakikuwa kikombe wala mizani: alichota unga kiganjani, akafumba mkono, akafumbua, na tonge likasimama, akaligusa kwa kidole gumba, likasambaratika. Hapo aliitikia kwa kichwa, akaridhika.

Kalibu yake ni ubao wenye mashimo yaliyochongwa kwa umbo la kikate. Alijaza unga hadi nusu ya kila shimo, akaweka rojo la maharage, akafunika kwa unga mwingine, akapitisha kijiti bapa juu yake kusawazisha, kisha akaupindua ubao mzima juu ya kitambaa kilichotandikwa katika tenga la mianzi, akagonga mara mbili, na vikate vikashuka vikiwa kamili. Muda wote huo hakuushindilia unga hata mara moja. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba mimi ningeukandamiza ili usimwagike, alicheka na kumweleza mpwa wangu kwamba unga ukishindiliwa, mvuke hukosa njia ya kupita, na katikati ya kikate hubaki unga mbichi. Wepesi wa kikate kile hautokani na hamira wala na povu la yai. Unatokana na nafasi iliyobaki kati ya chembe na chembe. Mimi ambaye maisha yangu yote nimehesabu matundu ya vitumbua kama kipimo cha upishi mzuri, sikuwahi kufikiri kwamba matundu yanaweza kuwa madogo kiasi cha kutoonekana.

Baada ya kama robo saa tenga lilifunuliwa. Kikate kimoja nilikilipa yuan 4, nikapewa katika kijikaratasi. Kinapokuwa cha moto hakihitaji kutafunwa sana. Ukikibana kwa ulimi juu ya kaakaa kinaachia, na rojo linatoka likiwa la moto kuliko unavyotazamia, basi mwenye haraka atajiunguza kama nilivyojiunguza mimi. Utamu wake ni wa chini. Watu wa pwani tuliozoea halua na kashata tunaweza kuuona kuwa pungufu katika kikate cha kwanza, lakini nilipofika cha tatu nilianza kuisikia ladha ya mchele wenyewe, jambo ambalo tui na iliki huwa vinalifunika katika mapishi yetu. Maharage nayo hayakunishangaza, kwa kuwa nyumbani tunakula choroko za nazi na sukari tangu utotoni. Juu yake hunyunyizwa maua madogo ya manjano yaitwayo guihua, ambayo ndiyo ua la mji wa Hangzhou; huchanua majira ya kupukutika kwa majani na huhifadhiwa katika sukari kwa matumizi ya mwaka mzima. Harufu yake iko karibu na asali kuliko asumini.

Nashauri kula kikate hiki pamoja na chai ya kijani ya Longjing bila sukari. Tulikuwa kwenye siku zile za kabla ya sikukuu ya Qingming, ambapo majani ya kwanza ya chai hiyo huchumwa vilimani nje ya mji na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko ya msimu wote, kwa hiyo mpwa wangu aliagiza glasi moja tukagawana. Ukali mdogo wa chai ile hufanya kazi ile ile inayofanywa na kahawa chungu mbele ya halua.

Kikate cha pili ni qingtuan, nacho ni cha msimu. Huliwa kuelekea Qingming, sikukuu inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, ambapo familia huenda kufagia makaburi ya wazee wao. Ni tufe la kijani kibichi linalong'aa, kubwa kuliko limau, na kijani chake hutokana na majani machanga ya mmea wa jamii ya pakanga, ambayo huchemshwa na kukandwa pamoja na unga wa mchele wa kunata. Hapa hakuna chembe wala wepesi. Ganda lake linavutika, linashika meno, na linadai uvumilivu. Mtu mwenye meno ya bandia alikaribie kwa heshima. Uchungu wa majani upo, lakini kwa mbali sana, na mimi niliupenda kuliko nilivyopenda rojo la ndani, ambalo katika duka tulilonunua asubuhi ya pili lilikuwa limezidishwa sukari.

Duka hilo sitalitaja jina, kwa kuwa malalamiko yangu kwalo ni mengine kabisa. Kabla ya kununua niliuliza, kwa maneno machache ya Kichina niliyoyakariri Yiwu, kama ndani kuna nyama. Muuzaji akajibu kwamba hamna, ni maharage matupu. Nilikuwa nimeshakula nusu nilipogeuza kifungashio na kumwomba mpwa wangu aelekeze simu kwenye maandishi ili programu itafsiri. Katika orodha ya viungo, baada ya maharage na sukari, palikuwa na mafuta ya nguruwe. Nilikiweka chini kile kilichobaki na nikakaa kimya kwa muda. Muuzaji hakusema uongo, kwa sababu nyama kweli haikuwamo. Mafuta hayo ndiyo yanayolipa rojo ulaini na mng'ao, na kwa wapishi wengi wa huko ni jambo la kawaida kama samli ilivyo kwetu.

"Shangazi, hapa usiulize nyama," mpwa wangu alisema kwa sauti ya chini. "Uliza mafuta. Sema zhuyou."

Angeniambia mapema ningemshukuru zaidi. Tangu hapo nilikuwa nikiuliza neno hilo kwanza, kabla hata ya bei, na majibu yalitofautiana kutoka duka hadi duka. Yule mama wa dingshenggao, nilipomrudia na kumwita ayi, yaani shangazi, kama nilivyofundishwa, aliinama chini ya meza na kuniinulia chupa ya mafuta ya mimea anayokaangia rojo lake. Kwa jambo hilo peke yake namweka juu ya wengine wote. Kwa upande mwingine, nililazimika kuiacha fagao ya Longyou, kikate kilichochachushwa ambacho kwa matundu yake kinafanana mno na mkate wetu wa kumimina, kwa sababu mapishi yake ya jadi hutiwa mafuta hayo hayo. Nilikitazama tu kwenye kioo cha duka. Anayetaka kuepuka shaka yote atafute maandishi ya qingzhen, yaani halali, na aangalie pia kama matenga ya vikate vitamu ndiyo hayo hayo yanayopikiwa vya nyama.

Upande wa chumvi ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa qingtuan nyingi za chumvi hutiwa nyama ya nguruwe pamoja na machipukizi ya mwanzi, au kiini cha yai la chumvi pamoja na nyama iliyokaushwa na kuchambuliwa kama pamba. Njia niliyoipata ni neno su, ambalo hutumika kwa chakula kisicho na nyama wala mafuta ya mnyama, na ambalo waumini wa Kibudha wenye msimamo hulizingatia hata kwa kuacha vitunguu. Katika duka dogo la chakula cha aina hiyo nilikula qingtuan yenye machipukizi ya mwanzi yaliyokatwa vipande vidogo mno, uyoga, na mboga ya majani iliyochachushwa kwa chumvi. Nilijua kwamba haina kitunguu wala kitunguu saumu, nikatazamia kitu chapwa mdomoni, nikakuta ukali wa ile mboga na ukakamavu wa mwanzi vinajitosheleza ndani ya lile ganda zito. Ilikuwa yuan 6. Nilinunua ya pili nikiwa bado natafuna ya kwanza, na kama ningelazimishwa kuchagua kikate kimoja tu cha safari nzima, ningechagua hiki.

Kuhusu huduma kwa jumla sina mengi. Malipo ni kwa simu, na mgeni aunganishe kadi yake na programu ya malipo kabla ya kutoka hotelini, kwa kuwa kutafuta chenji huwasumbua wauzaji. Kila muuzaji atakuita meinü, mwanamke mrembo, hata ukiwa na mvi. Ni adabu ya biashara, basi usijivune.

Ninachokataza kwa nguvu ni vikate vya maboksi vinavyouzwa vituo vya treni kama zawadi. Nilinunua maboksi 2 ya dingshenggao kwa yuan 58, na vilipofika Unguja vilikuwa vigumu kiasi cha kugongana kama kokoto. Mchele uliopikwa hukakamaa ukipoa, na kwenye friji hukakamaa upesi zaidi. Niliviweka juu ya mvuke dakika 10 vikalainika, lakini ule wepesi wa chembe haukurudi. Vilikuwa donge tamu la waridi. Wifi yangu alivisifu. Hakuwahi kuvionja vya moto.

Kitu chenye faida nilichorudi nacho ni kalibu moja ya ubao niliyoinunua Mtaa wa Hefang kwa yuan 35. Nimejaribu mara 3 mpaka sasa. Mara ya kwanza nilitumia unga wa mchele wa Kyela peke yake, na vikate vikanuka vizuri lakini vikavunjika nilipovinyanyua, kwa kuwa mchele huo haunati. Mara ya pili nilichanganya na unga wa mchele wa kunata niliouagiza Dar es Salaam, ila mkono wangu wa mazoea ukashindilia, nikapata kile alichonionya yule mama: unga mbichi katikati. Mara ya tatu niliweka rojo la choroko lililokaushwa kwa tui zito na iliki kidogo, nikasawazisha kwa kijiti bila kubana, nikasubiri robo saa. Vikate 8 vilisimama kati ya 12. Vile 4 vilivyobomoka tulivila kwa kijiko, jikoni, kabla mtu mwingine hajaingia.