Uzoefu wangu na Xfce kwenye Debian 12: kusakinisha, kukwama na kurekebisha

Laptopu ninayofanyia kazi ni ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, na SSD niliyoiweka baadaye. Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya umri huo, na Windows 10 iliachiwa njiani rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine za namna hii zimejaa mijini kwetu, kuanzia maofisini hadi kwenye maduka ya steshenari, na nyingi bado zina nguvu. Ndiyo maana naandika kuhusu Xfce, eneokazi (yaani madirisha, menyu na paneli unazoziona kwenye skrini) ninalotumia juu ya Debian 12, mfumo wa Linux. Wepesi wake ulinivutia, lakini kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba ikiharibika, kipande kilichoharibika kina jina lake, na unaweza kukitengeneza hicho peke yake bila kufuta mfumo mzima.

Xfce si programu moja. Kuna xfwm4 inayosimamia madirisha, fremu zake na vitufe vya kufungia. Kuna xfce4-panel, ule utepe wenye menyu na saa. Kuna xfdesktop inayochora picha ya nyuma na ikoni zake, Thunar ya kufungulia folda, na xfce4-session inayoziamsha zote ukishaingiza nenosiri. Olivier Fourdan alianza mradi huu mwaka 1996. Toleo la 4.16 lilitoka Desemba 2020, la 4.18 Desemba 2022, la 4.20 Desemba 2024. Wapo wanaolalamikia mwendo huo wa taratibu. Mimi naushukuru, kwa sababu maarifa ya kurekebisha paneli hayaniozei mkononi kila baada ya miezi sita.

Kwenye kusakinisha nilitumia faili ndogo ya Debian inayoitwa netinst, ambayo haifiki GB 1, nikaiandika kwenye flashi. Faida kubwa ya Debian 12 ni kwamba faili za kuwezesha waifai za makampuni, zile zisizo huria, sasa zimo ndani ya kisakinishi chenyewe. Zamani ulilazimika kuzisaka kwa kompyuta nyingine. Jambo moja la kuangalia: kisakinishi kinapouliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ukiacha nafasi hiyo tupu, mtumiaji wako wa kwanza anapewa moja kwa moja haki ya sudo, yaani kutoa amri kama msimamizi. Ukiijaza, utakuja kuambiwa jina lako halimo kwenye orodha ya sudo, na watu wengi hukwamia hapo wakidhani Linux imewakataa.

Niliondoa alama kwenye maeneokazi yote ili kwanza nipate mfumo mtupu wa maandishi, halafu nikasubiri bando la usiku nikaandika:

sudo apt install task-xfce-desktop

Huo mzigo ni mkubwa maana unakuja na LibreOffice, Firefox na LightDM, yaani ile skrini ya kuingilia. Lakini kwa mtu anayeanza naupendekeza kuliko kuokota vipande kimoja kimoja. Ukiongeza --no-install-recommends ili kubana bando, utajikuta unakosa kitufe cha sauti au alama ya mtandao, na kuvitafuta baadaye kunachosha. Baada ya kuwasha upya, amri ya free -h ilionyesha RAM iliyotumika ikiwa chini ya MB 700 kabla sijafungua chochote. Kwenye mashine ya GB 4, nafasi hiyo inayobaki ndiyo Firefox yako.

Tatizo la kwanza lilikuwa waifai. Intaneti ilikuwepo, maana nilishapakua kila kitu kwa hiyo hiyo waifai, lakini alama ya mtandao kwenye paneli ilidai kifaa hakisimamiwi na haikuonyesha mtandao wowote. Sababu yake inafaa kueleweka, kwani inampata kila anayesakinisha kwa njia hii. Kisakinishi kinapotumia waifai bila eneokazi, huandika jina la kifaa na nenosiri la mtandao ndani ya /etc/network/interfaces. NetworkManager, programu ya eneokazi inayosimamia mitandao, ikija baadaye, inakuta kifaa kina mwenyewe, inakiacha. Dawa ni kufungua faili hiyo kwa sudo nano, kuweka alama ya # mbele ya kila mstari unaotaja kifaa cha waifai (kwangu kilikuwa wlp3s0), kuacha mistari ya lo (njia ya ndani ya kompyuta yenyewe) kama ilivyo, kisha kuwasha upya kompyuta. Orodha ya mitandao ikajitokeza. Na ifahamike kwamba nenosiri la waifai lilikuwa limekaa wazi kwenye faili ile, kwa hiyo ni vizuri kulifuta kabisa badala ya kuliacha nyuma ya alama ya #.

Tatizo la pili lilinisumbua zaidi. Nikifunika laptopu na kuifunua, skrini inawaka taa lakini inabaki nyeusi tii. Mtu akiona hivyo anashikilia kitufe cha kuzimia, na kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea. Usifanye haraka hiyo. Bonyeza Ctrl+Alt+F2 uone kama unapata skrini ya maandishi; ukiipata, mfumo ni mzima, kilichogoma ni kipande kimoja tu. Kwangu Ctrl+Alt+F7 ilinirudisha kwenye madirisha yangu yote yakiwa salama. Mhusika alikuwa light-locker, programu ya kufunga skrini. Namna yake ya kufanya kazi ni kukuhamishia kwenye skrini nyingine ya LightDM ili uingize nenosiri, na katika kuhama huko baada ya usingizi ndipo inapokwama kwenye baadhi ya kadi za picha. Nilibadilisha hivi:

sudo apt install xfce4-screensaver
sudo apt remove light-locker

Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali, kama ilivyo kwa amri yoyote ya kuondoa. Tangu hapo nafunika na kufunua bila wasiwasi.

Video nazo zilikuwa zinakatika kwa mstari wa mlalo picha inapokwenda kasi. Hapo anayehusika ni xfwm4, na uzuri wake ni kwamba unaweza kujaribu dawa papo hapo bila kuandika mpangilio wowote wa kudumu:

xfwm4 --replace --vblank=glx &

Mstari ulipotoweka, nikaiweka glx (njia ya kulinganisha picha na kasi ya skrini) kwenye mipangilio ya kudumu kwa xfconf-query, amri ya kubadilisha mipangilio ya Xfce. Kama hali ingekuwa mbaya zaidi, ningetoka na kuingia tena, basi. Eneokazi linalokuruhusu kubadilisha msimamizi wa madirisha huku madirisha yenyewe yakiwa wazi linastahili heshima.

Ujuzi huu ulimfaa na jirani yangu mwenye steshenari, niliyemsakinishia mfumo huo huo. Alinipigia asubuhi wateja wakiwa wamepanga foleni: "Kaka, naandika nywila sahihi, inakubali, halafu inanirudisha palepale mlangoni." Hali hiyo ina sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza kukagua ni diski. Nilimwelekeza kwa simu abonyeze Ctrl+Alt+F2, aingie kwa maandishi, aandike df -h kuona nafasi ya diski. Ilisoma asilimia 100. Mashine ikikosa nafasi hata ya kuandika .Xauthority, faili ndogo inayokupa ruhusa ya kutumia skrini ya picha, eneokazi haliwezi kufunguka, na LightDM inakurudisha ulikotoka. sudo apt clean, inayofuta vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, ilitoa nafasi ya kutosha kumwingiza ndani, akafuta skani za zamani za wateja zilizokuwa zimerundikana kwenye Downloads. Diski ingekuwa na nafasi, hatua ya pili ingekuwa ls -l ~/.Xauthority kuona kama faili imegeuka mali ya root, jambo linalotokea mtu akianzisha startx (amri ya kufungua eneokazi kwa mkono) kwa sudo. Ya tatu ni kusoma mistari ya mwisho ya ~/.xsession-errors. Faili hiyo naipenda. Mara nyingi inataja programu iliyoanguka kwa jina.

Sasa mapungufu, kwa haki. Kugonga padi ya kugusa hakufanyi kazi ya kubofya mpaka ukakuwashe kwenye mipangilio ya kipanya, na mgeni anaona laptopu ni mbovu. Kingo za madirisha ni nyembamba mno kuzishika kwa kipanya. Tumia Alt na kitufe cha kulia cha kipanya, popote ndani ya dirisha, kulikuza au kulipunguza. Mwenye skrini ya kisasa yenye pikseli nyingi hatafurahia namna Xfce inavyokuza maandishi na vitu vyake, kwa hiyo mtu wa skrini hizo ningemshauri aangalie kwingine. Sura yake ya mwanzo pia imepooza, ingawa mada za rangi ziko nyingi.

Wayland, njia mpya ya kuchora madirisha inayochukua nafasi ya ile ya zamani iitwayo X11, imeanza kuonekana kwenye 4.20 kwa majaribio tu. Toleo hilo ndilo lililomo ndani ya Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Sijahamia, maana Debian 12 ina masasisho ya usalama ya muda mrefu hadi Juni 2028 na laptopu hii inanilipia ada za watoto. Nitakapohama, nitanakili kwanza folda ya ~/.config/xfce4 kwenye flashi. Paneli yangu, njia za mkato za kibodi na mipangilio ya madirisha vyote vimo humo, na ni faili za maandishi ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzisoma.